Gari Lililozaliwa Tukuyu

Siku hizi mashine ya karakana haikutengenezei gari la Kimarekani kama lilivyokuwa kwao. Inakutengenezea lile ambalo lingekuwepo kama kiwanda kingejengwa kwenu, tena likiwa limeshatumika miaka yake yote. Atupele alikuwa amepeleka picha ya gari la mwaka 1969, ambalo marehemu mumewe, Lugano, alilitamani mpaka anaingia kaburini. Alipeleka na picha ya harusi yao, maana mashine hutaka kuwajua wenye gari.

"Shikamoo mama. Njoo ulione la Tukuyu," fundi Kisa alisema, akivuta turubai.

Boneti ilikuwa ileile ndefu, lakini gari lilikuwa limeinuliwa kwa ajili ya matope, na juu lina keria ya kubebea mikungu ya ndizi. Usukani ulikuwa umelika upande wa kushoto. Lugano alikuwa akitumia mkono wa kushoto. Atupele akacheka huku machozi yakimtoka.

"Mungu akubariki, mwanangu. Umenirudishia mzee wangu."

"Ila nyuma kuna kasoro, mama."

Mgongo wa kiti cha dereva ulikuwa umechakaa kwa mateke, umejaa alama za viatu vidogo. Atupele na Lugano hawakujaliwa mtoto.

"Nipafute?"

"Usipaguse!"

Akaingia, akawasha injini, ikanguruma. Lakini hakuondoka.

"Kuna tatizo, mama?"

"Hakuna, mwanangu. Nasubiri akae vizuri huko nyuma."