Neno la Mwisho la Mfungwa

Mdogo wake Rehani amehukumiwa kunyongwa, na Rehani yuko kazini anatafsiri filamu ya mtu anayenyongwa. Mama yao, kule Mgeta, ameambiwa ni kifungo tu.

Kibanda cha video cha Mwembesongo kilikuwa kimejaa. Rehani ndiye DJ: picha ikisema Kizungu, yeye anaimwaga kwa Kiswahili kwenye maiki, na utani juu yake.

"Anyongwe huyo! Mnamlea wa nini?" alifoka jamaa wa benchi la mbele.

"DJ, mwambie askari kamba fupi hiyo!"

Wakacheka. Rehani alikuwa amechoka mno, hakucheka nao.

Kwenye kioo, mfungwa akaulizwa neno lake la mwisho. Midomo yake ikaanza kucheza. Sponji ya maiki ilikuwa imelowa pumzi za Rehani, inanuka kahawa.

"Niliua kweli," akatafsiri. "Tuligombea maji ya bustani na jirani kule Mgeta, nikampiga jembe. Shikamoo, kaka Rehani. Mama usimwambie kama nitanyongwa."

Vichwa vikageuka kumtazama DJ.

"Kumbe ni mdogo wako?" jamaa wa mbele akauliza, sauti imeshuka. "Basi wasimnyonge, bwana."

"Na marehemu je?" mzee mmoja akadakia kutoka nyuma. "Mbona yeye humsemei, DJ?"

Kibanda kizima kikabishana mpaka filamu ikaisha bila wa kuitazama.

Tafsiri hiyo ikamgharimu maiki, mwenye kibanda aliichukua palepale. Ikamgharimu jina, mtaani sasa ni kaka wa muuaji. Na kesho yake malori ya kufuata mboga yalipanda Mgeta na habari ya kunyongwa, ikamfikia mama kabla Rehani hajafika.