Si Hili

Muuguzi alifunua shuka ili amwandae mgonjwa wa upasuaji, akakuta goti lake la kulia limeandikwa kwa wino mweusi, herufi kubwa kama za bango: SI HILI.

"Nani kakuchora?"

"Bi Kalamu," alisema mgonjwa bila wasiwasi. "Yule mama wa kule chini. Nyie pasueni hili la pili."

Muuguzi alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaenda kusoma faili upya, jambo ambalo hakuwa amepanga kulifanya.

Bi Kalamu alikuwa mwanamke mtu mzima, mfupi, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na goti lake la kushoto lilikuwa limechoshwa na kukanyaga pedali miaka nenda rudi. Siku ya kulazwa, karani wa mapokezi aliwauliza kama kuna mtu wanayemfahamu pale hospitalini. Mke alifungua mdomo. Mume akamfinya kiwiko.

"Hakuna," alisema fundi. "Tutapanga foleni kama wenzetu."

Wakapanga foleni. Zamu yake ilipofika, wakampasua goti la kulia.

Fundi alipozinduka alipapasa chini ya shuka, halafu akamuuliza daktari kwa upole kabisa: "Hili nalo lilikuwa na kosa gani?"

Tangu hapo cherehani ilikuwa kimya. Mguu mmoja ulimuuma kwa sababu ya kazi, wa pili kwa sababu ya matibabu. Alikuwa akisaidiwa hadi kwenda msalani, naye ni mtu aliyezoea kuwapima wengine suruali huku akiwatania viuno vyao. Siku hizi hakumtania mtu.

Mkewe alikwenda kudai maelezo. Kwenye dawati la malalamiko aliambiwa kwamba magoti yote mawili yana umri mmoja, kwa hiyo hata hilo la kulia lingekuja kuharibika tu. Daktari aliyepasua alimpita kwenye korido akiongea na simu, simu yenyewe ameishika kichwa chini miguu juu. Mwanasheria wa hospitali alimpokea vizuri zaidi, akamkalisha kwenye kiti laini.

"Hospitali inasikitishwa na hali iliyojitokeza," alisema.

"Hali haikushika kisu," alijibu mama, akainuka.

Alitoka pale moja kwa moja akanunua kalamu ya wino mzito. Asubuhi iliyofuata aliketi kwenye ukumbi wa kusubiri, katikati ya watu waliokuwa wakingoja kupasuliwa, akaanza kazi.

Mzee wa ngiri alichorewa mshale tumboni. Binti wa matezi aliandikwa shavuni: KOONI TU. Bwana mmoja wa mtoto wa jicho alipigwa duara kulizunguka jicho bovu, na juu ya lile zima akaandikiwa: HILI LINAONA, LIACHENI. Kabla ya saa sita, foleni ya Bi Kalamu ilikuwa ndefu kuliko ya mapokezi, tena ilikwenda haraka.

Mlinzi alitumwa akamtoe. Alirudi ameandikwa kidevuni: GEGO LA CHINI.

"Lilikuwa linanisumbua," alijitetea.

Wakampigia simu mkurugenzi, aliyekuwa safarini wakati fundi anapasuliwa, na aliporudi akaambiwa na mwanasheria asitie neno. Wafanyakazi walimwogopa, aliwahi kumsimamisha kazi mtu kwa kupiga mluzi wodini. Safari hii alisema tu, "Msimguse," akashuka mwenyewe kwa ngazi, akifunga kishikizo cha koti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe unapasuliwa wapi?"

Ukumbi uliangua kicheko. Mkurugenzi alitazama viatu vyake.

"Tafadhali mama, twende ofisini tukazungumze."

"Ofisini kuna mlango. Mimi nataka pasipo na mlango." Alifunika kalamu. "Mume wangu alikosewa au hakukosewa?"

"Wanasheria wamenishauri..."

"Wanasheria sikuwauliza. Nakuuliza wewe, uliyesimama mbele yangu."

Mtu alikohoa, watu wakamgeukia na kumnyamazisha. Mkurugenzi aliinua uso, akawatazama wale watu wote waliochorwa mishale na miduara, na pengine hapo ndipo aliposhindwa.

"Alikosewa," alisema. "Alikuja na goti bovu la kushoto, tukampasua la kulia. Kisha tukanyamaza. Kunyamaza lilikuwa kosa langu."

"Wa nyuma hawajasikia."

Alirudia kwa sauti. Aliongeza kwamba aliyepasua atakaa pembeni uchunguzi ufanyike mbele ya familia, na kwamba fundi atatibiwa na daktari watakayemchagua wao. Na kuanzia siku hiyo, kila mgonjwa atawekewa alama akiwa macho, na daktari yuleyule atakayempasua.

"Na choo cha wanaume hakina maji!" mtu alipaza sauti kutoka kona.

"Na choo pia," alisema mkurugenzi.

Watu walipiga makofi. Bwana wa jicho alipiga kwa nguvu kuliko wote. Mama hakupiga. Alifuta machozi haraka kwa kiganja, kama mtu anayefukuza nzi, akachukua mkoba wake.

Mkurugenzi alimsindikiza hadi getini, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Umeridhika, mama?"

"Na hospitali nimemalizana nayo," alisema. "Jioni uje nyumbani umwambie baba yako hayohayo. Na cheo ukiache hukuhuku. Mimi sikuzaa mkurugenzi."