Orodha ya Haika

Haika alipotimiza miaka kumi, muuguzi alimletea nyumbani orodha ya kila kitu alichomeza mama yake wakati wa ujauzito, kama sheria ilivyotaka kwa kila mtoto. Akaisoma kwa sauti, huku akijikuna viwiko vilivyochubuka kwa mzio.

"Vidonge vya asidi ya foliki, viwili kila siku. Mama, hapa wameandika daktari alikuambia kimoja."

Mama yake, Aikaruwa, alikosa pa kutazama. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa uti wa mgongo ukiwa wazi, akazikwa kabla ya kupewa jina. Mimba ya Haika ilipoingia, hofu ilimfanya azidishe vidonge hivyo vinavyokinga uti wa mgongo wa mtoto tumboni.

"Ndivyo vilivyoniletea mzio?"

"Huenda, mwanangu. Hata wataalamu hawana hakika."

Muuguzi akamsogezea Haika fomu ya kuchagua: kumsamehe mama yake au kutomsamehe. Mtoto akashika kalamu, kisha akaiweka chini.

"Naruhusiwa kujibu mwakani?"

"Unaruhusiwa," muuguzi akasema.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Aikaruwa humpaka binti yake dawa ya ngozi, polepole, naye Haika humtazama usoni.