Kikohozi cha Shaweji

Hidaya alilimwaga tena sanduku lake kitandani. Boti ya kumpeleka kisiwani, alikoajiriwa kulinda mnara wa taa mwaka mzima peke yake, ingeondoka alasiri, na bado hajajua achukue nini. Kinu cha mama yake alikitia, akakitoa. Kanga alizikunja, akazikunjua. Kanda za muziki ndizo zilizomtesa zaidi.

"Chukua hii," alisema mumewe, Shaweji, akimpa kanda mpya aliyomnunulia sokoni. "Wimbo wako ule ule, ila huu hauna kikohozi."

Ule wa zamani waliurekodi redioni walipokuwa maharusi. Hidaya aliweka kinasa sauti mbele ya redio, akafunga madirisha, akamkanya mumewe hata kupumua. Ubeti wa pili haujaisha, Shaweji akakohoa. Hidaya alimnunia kutwa nzima. Tangu hapo, kila wimbo ulipofika hapo, kikohozi kilitangulia, ndipo fidla zikaingia, na Shaweji aliinamisha kichwa.

"Ahsante, Baba Nasra," Hidaya alimwambia mumewe, akaitia kanda mpya sandukuni.

Shaweji alipotoka kuita mkokoteni, Hidaya aliitoa ile ya zamani kabatini. Alichomeka kalamu kwenye tundu lake, akaanza kuizungusha kurudisha wimbo nyuma, upesi upesi, kama mwizi.

Huko nje Shaweji alikohoa.

Kalamu ikasimama. Hidaya akatega sikio, akingoja fidla ziingie.