Brashi Juani

Siku ya tatu Mkasi na Tunu walilichora bonde lile lile, kila mmoja picha yake, kwa rangi tupu bila mchoro wa mti wala kilima. Na kwa siku ya tatu mfululizo wapita njia walisimama nyuma ya Tunu tu. Wivu ukamkaba Mkasi. Tunu alipokwenda kunywa chai, akaichomoa brashi ya mwenzake kwenye kopo la maji, akaianika juani. Rangi ya akriliki haina subira, hukauka upesi. Tunu aliporudi, brashi ilikuwa ngumu kama kijiti.

“Ala! Nani kaitoa majini, shoga?”

“Labda upepo,” alisema Mkasi.

Tunu akacheka. Akapaka kijani kwa kiganja, akakiparuza kwa brashi ile ile kabla hakijakauka. Nyasi zikainama pichani, upepo ukaonekana.

Mkasi alizitazama nyasi zile. Kisha taratibu akaichomoa brashi yake mwenyewe, akaianika juani.