Leo Kwenu Hewa Safi

Siku hizi dawa ya kifua hutolewa kwa mtaa ambao kompyuta ya hewa imesema una moshi siku hiyo. Nilimfikisha mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, kwenye dirisha la dawa, kifua kikimlia filimbi.

"Shikamoo, bibi," alisema mgawa dawa, macho kwenye skrini. "Leo kwenu hewa safi. Siwezi kukupa."

"Marahaba. Basi nifungie kilo mbili za hiyo safi, baba, nikaivute nyumbani."

Foleni nzima ilicheka. Mimi sikucheka. Nguo tulizoanua asubuhi zilikuwa na vumbi la saruji hadi kwenye mishono. Nikamwambia mgawa dawa kwamba kiwanda cha saruji kiko nyuma ya choo chetu, na bomba lake la moshi halifiki hata urefu wa mnazi.

"Kompyuta imeandikiwa mita themanini, dada, kama mchoro wa kiwanda unavyosema. Kwa hiyo moshi unawapita juu, unaangukia kule mlimani kwa wakubwa. Wao wamepelekewa dawa nyumba kwa nyumba."

"Wanakohoa?"

"Hawakohoi."

"Basi sahihisha huo urefu!" Niligonga dirisha kwa ngumi.

"Malalamiko yanapokelewa kutoka mitaa yenye moshi tu. Nyie hamna moshi."

Nilimgeukia Bi Mwanahawa, nikingoja amtie adabu kwa ulimi wake. Alifungua kinywa. Jibu alikuwa nalo, nililiona machoni mwake, lakini hakuwa na pumzi ya kulitoa.