Kivumbasi cha Chumbani

Siku hizi kivumbasi cha nyumbani humwinamia mgonjwa. Wakiwa wawili, humchagua aliyezidiwa. Bibi yangu, mtabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, alikitafuta porini, na kabla ya kukupa jani alikuhoji mpaka ukachoka. Hiki chetu hakiulizi kitu.

Jana binti yangu Jyoti alikohoa sana. Nikamsogezea chungu cha kivumbasi kitandani. Kikampita, kikaniinamia mimi, niliye buheri wa afya.

“Kinafuata mwanga wa dirisha tu,” nikamwambia, nikakizungusha chungu. Nikamchemshia majani, nikatia asali. Akanywa, kikohozi kikatulia.

“Mama,” akaniita, kikombe bado mkononi, “dirisha liko nyuma yangu. Mbona kimekugeukia tena?”